Breki ya mguu inawasha taa, ya mkono haiwashi

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni dereva wa bodaboda, kituo changu kipo Ngamiani, hapa Tanga. Mwezi uliopita nilibadilisha usukani wa pikipiki nikafunga ulio juu zaidi, kwa sababu mgongo ulikuwa ukiniuma kila nikipeleka abiria Pangani. Tangu siku hiyo nikibana breki ya mkono taa ya nyuma haiwaki, ila nikikanyaga ya mguu inawaka vizuri. Mara mojamoja, nikikata kushoto huku nimebana breki, inawaka kidogo na kuzimika. Nimekwisha kununua globu mbili, na sasa naambiwa nibadilishe nyaya za pikipiki nzima. Nifanyeje?
Msomaji, Ngamiani

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usinunue globu ya tatu, wala usikubali pikipiki ifumuliwe nyaya zote, kwa maana jibu la swali lako limo ndani ya barua yako mwenyewe. Taa ya breki ina swichi mbili, moja kwenye mkono wa breki ya mbele na nyingine karibu na pedali ya nyuma, na zote mbili hupeleka umeme kwenye globu ile ile. Kwa kuwa pedali inaiwasha, basi globu ni nzima, fyuzi ni nzima, na waya unaorudi kwenye bodi ya pikipiki ni mzima. Hitilafu imebaki katika kipande kifupi tu, kuanzia swichi ya mkononi hadi pale nyaya zake zinapoungana na nyingine, ambapo kwa pikipiki nyingi za bodaboda ni ndani ya ganda la taa ya mbele.

Kule kuwaka kidogo unapokata kushoto ndiko kunakonipa uhakika zaidi. Nyaya zile zilikatwa kiwandani kwa kipimo cha usukani wa zamani, kwa hiyo ulipoupandisha usukani zilivutika, na sasa kila unapogeuza ama plagi inachomoka nusu, ama waya uliokatika ndani ya ngozi yake unagusana kwa nukta moja na kuachana. Waya wa namna hiyo huonekana mzima kwa macho. Upitishe polepole kati ya kidole gumba na cha shahada ukiukunja kidogo kidogo. Pale penye mkato utahisi pamelegea kama utambi, ilhali sehemu nyingine ni ngumu.

Anza hata hivyo kwenye swichi yenyewe, kwa sababu ni kazi ya dakika tano. Chomoa vichwa viwili vya nyaya chini ya mkono wa breki, fungua ufunguo, kisha viunganishe kwa kipande kifupi cha waya. Taa ikiwaka, nyaya hazina kosa na swichi ndiyo mbovu au imejaa uchafu. Isipowaka, hata ukigeuza usukani huku na huku, fuata nyaya kuelekea kwenye ganda la taa. Swichi nyingi za aina hii zina kijipini ambacho mkono wa breki ukiwa umeachwa hukisukuma ndani na kukata umeme, na ukibanwa hukiachia kitoke na umeme upite. Kijipini kikiganda ndani, taa haiwaki kamwe. Kwetu Tanga, kwa hewa hii ya chumvi, vichwa vya nyaya navyo huota kutu ya kijani; visugue kwa msasa laini hadi shaba ing'ae.

Ukiukuta mkato, usiuzungushie tepu tu. Ongeza kipande cha waya wa unene ule ule, chomelea maungio kwa risasi, yafunike vizuri, na uyaweke ndani ya ganda ambako mvua haifiki. Uache na ulegevu wa kutosha ili usukani ufike mwisho wa kushoto na wa kulia bila waya kukazika.

Lipo jambo jingine ambalo hukuliuliza, nami siwezi kulinyamazia kwa kuwa unabeba watu. Kama breki yako ya mbele inavutwa kwa kebo, usukani mrefu umeivuta kebo hiyo pia. Inua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono, kisha ugeuze usukani hadi mwisho kila upande. Gurudumu likianza kukaza wakati hujagusa breki, kebo ni fupi na lazima ununue ndefu zaidi kabla ya kupakia abiria mwingine. Taa haitakuonya kuhusu hilo, kwa sababu mkono wa breki haujasogea.

Ukimaliza, subiri jioni, uegeshe pikipiki ukiupa mgongo ukuta mweupe, ubane breki ya mkono huku ukigeuza usukani kutoka kushoto hadi kulia, na uutazame wekundu ukutani kupitia kioo cha pembeni. Ukipepesa hata mara moja, fungua tena ganda la taa.