Uzi wa tatu wa gitaa, kodi ya E na uongo wa 432

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napiga gitaa kwenye kwaya ya parokia huku Nansio, Ukerewe. Uzi wa tatu unanitesa. Nikiutyuni mpaka kodi ya E, yaani zile sauti zinazopigwa pamoja, ilie tamu, nikienda C inachuja. Nikiiweka C sawa, E inaumiza masikio. Nimebadilisha nyuzi zote, hali ni ileile. Kuna fundi anayezunguka visiwani, anasema kosa ni 440, yaani mitetemo kwa sekunde ya sauti ya la (A) ambayo vyombo hutyuniwa kwayo. Anasema gitaa likishushwa hadi 432, ambayo ni namba ya asili, kodi zote zitapatana, na hata wasikilizaji watapona presha na kukosa usingizi. Anataka asugue freti pia, vile vyuma vya shingoni, ili “zifuate hesabu”. Bei yake ni shilingi 80,000. Nimpe? (Msomaji, Nansio)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usimpe hela, na gitaa usimwachie hata kwa usiku mmoja.

Swali lako naletewa mara kwa mara hapa Mwanza. Leo ni mpiga kinanda wa Buhongwa, kesho mwalimu wa kwaya kutoka Sengerema, na karibu wote wanakuja na imani moja: kwamba mahali fulani ipo namba sahihi, na chombo kikiipata kitatulia kwenye kodi zote. Namba hiyo haipo na haitapatikana, kwa sababu hesabu yenyewe imeikataza. Uthibitisho wake mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuufuata, na nitauweka hapa chini.

Sikio lako ni zima. Do na mi zinapolia pamoja, sikio huridhika pale mitetemo ya mi inapokuwa 5 kwa kila 4 za do, yaani mara 1.25. Kwaya iliyozoeana, ikiimba bila chombo, huvutwa kuelekea hapo bila mwalimu kusema neno. Sasa tazama gitaa. Freti zake zimepangwa kwa kuigawa oktava, yaani do hadi do ya juu, katika hatua 12 zinazolingana. Kila hatua huzidisha mitetemo kwa 1.05946, na ukizipanda hatua zote 12 unafika 2 kamili. Do hadi mi ni hatua nne, na hatua nne zinakupa 1.2599. Hiyo imezidi 1.25. Tukiigawa hatua moja ya freti katika senti 100, kama mafundi tunavyopima, mi ya gitaa iko juu kwa karibu senti 14.

Kwenye kodi yako ya E, mi inapigwa uzi wa tatu, freti ya kwanza. Ni G shapu, yenye mitetemo 207.65 kwa sekunde. E iliyo chini yake, uzi wa nne freti ya pili, ina 164.81, na hiyo ingependa mi yenye 206.02. Wewe ukasikia ule ukali, ukalegeza uzi wa tatu mpaka ukali ukaisha. Hapo uzi huo ukiwa wazi umeshuka kutoka 196 hadi karibu 194.45. Kisha ukaenda C. Kwenye C uzi wa tatu wazi ndio so, na so inataka kuwa mara moja na nusu ya do: do ina 130.81, kwa hiyo so safi ni 196.22. Kabla hujaugusa, ulikuwa umepungukiwa na 0.22 tu, kasoro ambayo masikio ya kanisani hayaishiki. Baada ya kuulegeza umepungukiwa na 1.77. Ndiyo maana C inayumba. Nyuzi zako hazina kosa, na gitaa halina kosa katika hilo. Uzi mmoja unatumikia kodi mbili, na kila kodi inaudai namba yake.

Basi kwa nini mafundi wasitafute mpangilio unaoziridhisha zote? Fuata hesabu hii. Kupanda kutoka do hadi so safi ni kuzidisha kwa 3 na kugawa kwa 2. Ukipanda hivyo mara 12, kwenye kinanda unapita sauti zote 12 na kurudi kwenye do, oktava 7 juu ya ulipoanzia. Oktava ni kuzidisha kwa 2 tu. Kwa hiyo ili njia hizi mbili zikutane, 3 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 12 ingepaswa kuwa sawa na 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 19. Ya kwanza ni 531,441. Ya pili ni 524,288. Hazikutani. Wala usidhani ukiendelea mbele zitakutana, kwa sababu 3 ukiizidisha kwa 3, hata mara elfu, siku zote unapata namba witiri, na 2 ukiizidisha kwa 2 siku zote unapata namba shufwa. Hakuna namba iliyo witiri na shufwa kwa pamoja.

Pengo hilo ni karibu senti 23.5 na linaitwa koma ya Pythagoras. Halifutwi. Kinachowezekana ni kuligawa. Zamani huko Ulaya walilisukumia pembeni: baadhi ya kodi zikawa tamu sana, na nyingine zikawa zinabweka kiasi kwamba ziliepukwa. Mwana wa ukoo wa kifalme wa Uchina, Zhu Zaiyu, alichapa mwaka 1584 hesabu ya kuligawa sawasawa, na Simon Stevin wa nchi za Uholanzi akaifikia hesabu hiyohiyo katika miaka iliyokaribiana na hiyo. Wanachama wa upatu wakipata hasara huigawana, kila mmoja akachukua kidogo. Hapa kila so inapunguziwa karibu senti 2. So imebaki nzuri sana. Mi ndiyo iliyoumia, kwa zile senti 14. Hayo ndiyo makubaliano yaliyo ndani ya kila gitaa lenye freti na kila kinanda mnachonunua mtaa wa Makoroboi, na ndiyo yanayomruhusu mwalimu wa kwaya kupandisha wimbo kutoka G hadi A flat bila kodi yoyote kubweka.

Sasa tuje kwa huyo wa 432, maana yeye ndiye anayenikera.

Kushusha gitaa kutoka 440 hadi 432 ni kushusha kila sauti kwa kiwango kilekile, karibu senti 32. Uwiano kati ya uzi na uzi haubadiliki hata chembe. Mi itabaki 1.2599 ya do, na so itabaki pale ilipokuwa. Ugomvi wa E na C utahamia chini pamoja na gitaa zima. Huna haja ya kuniamini. Vinanda vingi vya kwaya vina sehemu ya kurekebisha tyuning; kishushe chako hadi 432, piga E, piga C, sikiliza, kisha kirudishe. Haitakugharimu hata shilingi moja.

Wauzaji wa 432 hupenda kuongeza kwamba hapo do inakuwa 256, namba inayotokana na 2 peke yake, kwa hiyo ni ya asili. Kwenye gitaa lenye freti, sauti ya la ikiwa 432, do ni 256.87. Haitui. Ili upate 256 na 432 kwa pamoja unapaswa kutyuni kwa so safi mfululizo, na kwa mpangilio huo mi inakuwa 81 kwa 64, yaani juu ya mi tamu kwa zaidi ya senti 21. Gitaa lako sasa limezidi kwa 14. Ukiwafuata kwa ukamilifu kama wanavyodai, E yako itaumiza kuliko inavyoumiza leo. Anayeuza kitu hiki hajawahi kukaa na kalamu akakipigia hesabu.

Na hiyo “asili” inatoka wapi? 432 ni mitetemo kwa sekunde, na sekunde ni kipimo walichokiweka watu: siku saa 24, saa dakika 60, dakika sekunde 60. Siku ingegawanywa vingine, sauti ileile ingebeba namba nyingine. Ufaransa iliweka 435 kisheria mwaka 1859. Mjerumani Johann Scheibler alipendekeza 440 mwaka 1834, mkutano wa London wa 1939 ukaikubali, ili vyombo kutoka nchi mbalimbali vilie pamoja. Mtunzi Giuseppe Verdi wa Italia alipounga mkono 432 alikuwa anatetea makoo ya waimbaji, ambao walichoka kupandishwa kila mwaka. Hiyo ni hoja ya kweli, na mwalimu wa kwaya yeyote mwenye sauti ya kwanza iliyochoka ataielewa. Kutibu presha hakukuwamo.

Wala kanda yetu haikuwahi kungoja namba moja ili iwe na muziki mzuri. Ng'ambo ya ziwa Waganda wana amadinda, marimba yao ya mbao, na oktava ya chombo hicho ina hatua tano zinazokaribia kulingana, kila moja kama senti 240. Hakuna kodi ya E humo. Wagogo wa Dodoma, ambao marehemu Hukwe Zawose aliwafikisha masikioni mwa dunia, huifuata mitetemo inayojitokeza yenyewe katika sauti moja, 4, 5, 6, 7 na kuendelea, kwa hiyo mi yao ni ile tamu ya 5 kwa 4, na sauti yao ya 7 haimo kwenye kinanda chochote cha dukani. Mifumo miwili, hesabu mbili, na yote miwili ni sahihi kwa wenyewe.

Unalotakiwa kufanya ni hili. Tyuni nyuzi zote kwa tyuna ikiwa kwenye 440, na hakikisha programu ya simu haijabadilishwa kwenda 432 bila wewe kujua. Usitumie ile njia ya kulinganisha kengele (sauti zinazotoka ukiugusa uzi bila kuubana) za freti ya 5 na ya 7 kwa nyuzi zote: kila uzi unakosea senti 2, na ukifika wa tatu umeshuka karibu senti 6. Kisha bana uzi wa tatu kati ya freti ya pili na ya tatu, utazame juu ya freti ya kwanza. Pengo liwe dogo, karatasi moja ipite. Likiwa kubwa, ile mifereji inayoshika nyuzi karibu na kichwa iko juu mno. Kila ukibana freti ya kwanza unauvuta uzi na kuupandisha, na hapo G shapu yako inazidi kwa zaidi ya zile 14. Hilo linatengenezeka, na kazi inafanyika kwenye mfereji, kwa faili jembamba na kwa kupima kila baada ya misuguano michache. Mwisho, ukipenda, shusha uzi wa tatu kwa senti 3 au 4 tu. E italainika kidogo na C haitalalamika. Wapigaji wengi wazuri hufanya hivyo.

Freti zisiguswe. Kusugua freti ni kazi ya kusawazisha zilizochakaa, na haibadilishi hesabu ya nafasi zake kwenye shingo. Chuma kikishatoka hakirudi, na gitaa lililosuguliwa na asiyepima hulia kwa kukwaruza kila mahali. Nimeletewa magitaa ya namna hiyo, na mara nyingi kung'oa freti zote na kuweka mpya kunazidi bei ya gitaa lenyewe.

Fikiria pia kwaya. Gitaa likiwa 432 na kinanda kimebaki 440, sauti ya la ya gitaa na ile ya kinanda zikilia pamoja huvimba na kunywea mara 8 kwa sekunde. Waimbaji watashika ipi? Naambiwa kuna kwaya zimeshawishika kushusha kila kitu, zikalipia huduma hiyo chombo kwa chombo. Ile “sauti laini” wanayoisikia kwenye gitaa inatokana na nyuzi kulegea kwa kama asilimia 3.6 ya mvuto wake. Nyuzi nyepesi zaidi zingewapa laini hiyohiyo.

Na hapa nawaambia walimu wa kwaya wote, wa mjini na wa visiwani. Wanaouza namba wameongezeka. Wanauza nyimbo zilizoshushwa kwa programu ya simu wakiziita dawa, wanauza orodha za hezi, yaani mitetemo kwa sekunde, kila moja na ugonjwa wake. Wanajua kwamba mtu akiona desimali anaogopa kuuliza. Ulizeni. Mwambieni aandike hesabu mbele yenu, kwenye ubao ule mnaoandikia solfa, aonyeshe do, mi na so zinavyobadilika baada ya kazi yake. Muziki unatuliza moyo, hilo kila aliyeimba analijua, na wimbo mzuri hutuliza ukiwa 440, 432 au ukiimbwa jikoni bila kipimo. Lakini kuna wazee kwenye kwaya zenu wanaomeza vidonge vya presha kila asubuhi, na wapo walioambiwa na watu hawa kwamba wakisikiliza “mtetemo wa asili” wanaweza kupunguza. Watafuteni wazee hao Jumapili hii baada ya misa, mmoja mmoja, muwaulize kama bado wanameza dawa zao. Aliyeacha apelekwe kituo cha afya akapimwe wiki hiyohiyo.