Mume yuko jela Canada, anataka nikakae naye siku tatu

"Dada, mume wangu anatumikia miaka 4, jela ya serikali kuu hapa Ontario. Sasa ameomba ile ziara ya faragha ya familia, mimi na watoto tukakae nae masaa 72 kwenye nyumba ndani ya uzio. Kesi yake alinificha, nilijua siku polisi wamegonga mlango. Mama mkwe yupo hapahapa mjini, anasema nisipoenda basi mimi sio mke. Nifanyeje?"

Pole sana mdogo wangu. Tuanze na mama mkwe maana naona ndo anakukosesha usingizi. Kwa Canada anayeruhusiwa sio mke tu, wazazi wamo, ndugu wamo, mpaka bibi na babu, kwa hiyo nae akaombe kibali aende akampikie mwanae (vyakula vinaagizwa kupitia jela, asije akabeba dagaa kwenye pochi mbwa wakamnusa getini).

Halafu hizo 72 ndo ukomo, sio lazima zitimie, na nafasi yenyewe huwa inarudi kila baada ya miezi miwili, ukiiacha hii hujavunja ndoa. Watu wakisikia habari hizi wanawaza kitanda tu wanaanza kucheka, wanasahau ile ni nyumba, ina jiko, ina sebule, asubuhi mtoto kamwaga maziwa na baba ake yupo anafuta. Kwa watoto hicho ni kitu kikubwa sana sikatai. Ila wewe una hasira nae na hujaitoa, sasa siku tatu mmebanana humo watoto wanasikiliza, huo ugomvi utauanzia wapi?

Nenda kwanza zile siku za kawaida za kutembelea wafungwa, peke yako, muulize kwa nini alikuficha, akizungukazunguka utajua. Ukiona moyo umetulia, ombeni muda mfupi. Na maafisa wakikuuliza kama unaenda kwa hiari yako sema ukweli, usijibu kwa mdomo wa mkweo. Hujaniandikia kama alishawahi kukupiga. Kama alishawahi, futa yote niliyosema, usiende, na uwaambie haohao maafisa, maana mtu wa hatari kwa familia yake hapewi hiyo ruhusa.

Watoto waambie kabisa ni jela, tena askari watakuwa wanapita kuhakikisha baba yupo, hizi za "baba kasafiri kikazi" zitakuumbua getini. Fomu ya hiyo ziara wiki hii usisaini.