Wasomaji Wauliza: Kazi za Mtandaoni, Bei na Malipo

Barua za mwezi huu karibu zote ni za watu wanaofanya kazi za mtandaoni wakiwa nyumbani. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

Mteja wa Marekani ananilipa dola 25 kwa kila saa ya sauti ninayoinukuu, yaani kuisikiliza na kuiandika. Marafiki wananiambia hizo ni hela nzuri, lakini wiki ikiisha mwili umechoka na mfukoni hamna kitu. Nakosea wapi? – Mama wa wawili, Umoja

Dada, hizo dola 25 ni za saa ya sauti, si za saa yako. Mnukuzi mzoefu hutumia kama saa nne kwa saa moja ya sauti safi. Anayeanza hufika tano au sita, ukihesabu na kule kusikiliza tena ili kusahihisha. Tuseme wewe ni tano: unapata dola 5 kwa saa. Mtandao uliokupatia kazi ukikata asilimia 10 ya malipo, unabaki na dola 4.50, na dola ikiwa shilingi 129 hiyo ni shilingi 580, kabla ya stima na intaneti. Hapo sauti ni safi. Wakiwa watu wanne wanaokatizana maneno, kinasa sauti kimewekwa mbali na lafudhi huijui, saa tano zinageuka nane, na malipo yanashuka hadi shilingi 360 hivi kwa saa.

Kabla ya kukubali kazi, omba faili kwanza. Chagua dakika 10 za katikati, si za mwanzo, maana mwanzoni watu hujitambulisha mmoja mmoja, polepole, na kila kitu husikika vizuri. Nukuu hizo dakika 10 huku ukijipima kwa simu. Ukimaliza kwa dakika 60, basi kila saa ya sauti itakula saa zako sita. Kama huwezi kushuka chini ya shilingi 900 kwa saa, zidisha kwa sita upate 5,400, kisha ugawe kwa 0.9 ili makato yawe juu ya mteja: 6,000, yaani kama dola 46.50. Hiyo ndiyo bei yako kwa faili hiyo. Ikimshinda mteja, muache aende.

Mwandikie pia bei hiyo inahusu nini: wasemaji wawili, sauti safi. Msemaji wa tatu ni nyongeza, kuweka alama za muda ni nyongeza, na kuandika kila "aah" na kila neno lililokatika ni nyongeza. Hili la mwisho wengi hulisahau, na ndilo linalokula muda kuliko yote. Tumia programu ya kunukulia, kwa mfano oTranscribe, ambayo ni ya bure na inafunguka kwenye kivinjari, ili urudishe sauti nyuma sekunde chache kwa kitufe bila kuondoa mikono kwenye kibodi. Na mteja akikutumia rasimu ya akili unde akisema "sahihisha tu" kwa nusu ya bei, usikubali kabla ya kuipima kwa zile zile dakika 10. Rasimu iliyochanganya wasemaji na kukosea majina ya watu huweza kukuchukua muda mrefu kuliko kuandika upya.

Nilichora nembo kupitia Upwork, mtandao wa kutafutia kazi, kwa bei ya jumla ya dola 150. Nilimtumia mteja faili kwenye ujumbe, akasema asante, kisha kimya wiki tatu. Naona pesa bado ziko pale. Nitalipwa? – Mchoraji, Donholm

Ukifanya leo yafuatayo, uwezekano ni mkubwa. Pesa kuwa "pale" maana yake mteja alishaziweka amana kwa Upwork, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote. Lililokosekana ni kitufe. Faili ulizotuma kwenye ujumbe mfumo hauzihesabu kuwa kazi iliyokabidhiwa, kwa hiyo saa ya malipo haijaanza kuhesabu hata siku moja kati ya hizo wiki tatu. Ingia kwenye mkataba, fungua awamu husika, bonyeza sehemu ya kukabidhi kazi ili ulipwe, weka faili zile zile na sentensi mbili za maelezo. Kuanzia hapo mteja ana siku 14 za kukubali au kuomba marekebisho. Akinyamaza, pesa zinaachiliwa zenyewe, kisha zinakaa siku 5 za usalama kabla hujazitoa. Akiomba marekebisho, utakabidhi tena na hesabu ya siku 14 itaanza upya, kwa hiyo rekebisha haraka.

Safari ijayo, usifungue hata programu ya kuchorea kabla ya kuona kwamba awamu ya kwanza imewekewa pesa. Mkataba unaweza kuonekana umeanza huku amana ni sufuri, na hapo ndipo wengi huumia. Gawa kazi: dola 50 za michoro ya awali, 60 za mchoro uliochaguliwa, 40 za faili za mwisho. Katika hatua mbili za kwanza tuma picha ndogo yenye alama ya maji (maandishi hafifu juu yake), na faili halisi za kuhaririwa zitoke awamu ya mwisho.

Kwa walio Fiverr, mtandao mwingine wa kazi, mnunuzi hulipa kabla ya kazi kuanza. Ukishakabidhi kwa kitufe chake, akinyamaza siku 3 oda inajifunga yenyewe. Lakini makato ni asilimia 20, hivyo dola 150 zinakuwa 120, na muuzaji mpya husubiri siku 14 zaidi kabla ya kutoa.

Mikataba ya Upwork ya kulipwa kwa saa ina kinga yake ya malipo, ila inamfuata anayetumia programu yao ya kupima muda, ile inayopiga picha za skrini, na kuandika alichokuwa akifanya. Saa ulizoingiza kwa mkono hazina kinga hiyo. Wiki yao hufungwa Jumapili usiku wa manane kwa saa za UTC (saa za kimataifa), ambayo hapa Nairobi ni Jumatatu saa tisa usiku.

Jamaa ananikodishia akaunti ya Upwork yenye nyota tano kwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Ni salama? – Roysambu

Hapana. Akaunti inathibitishwa kwa kitambulisho na uso wa mwenyewe, na mtandao unaweza kudai uthibitisho upya siku yoyote, hata ukiwa katikati ya kazi. Siku hiyo utamhitaji yeye mbele ya kamera. Pesa zinaingia kwake kwanza, ndipo akupe, akipenda. Nyota utakazoongeza zinabaki kwa jina lake. Masharti ya Upwork yanakataza kabisa biashara hii, na ikigundulika akaunti hufungwa pamoja na pesa zikiwa ndani. Shilingi 15,000 hizo zifanyie jambo jingine. Mafunzo ya msingi unaweza kuyapata kupitia mpango wa serikali wa Ajira Digital.

Nimetuma maombi chungu nzima, hakuna hata mmoja aliyejibu. – Mwanafunzi, Kahawa Wendani

Umetutumia ombi lako moja, linaloanza: "Mpendwa mteja, mimi ni mchapakazi mwenye bidii." Tatizo ni hilo. Mteja anapopitia orodha ya maombi huona mistari michache ya kwanza tu ya kila moja, na wewe umeimaliza kwa kujisifu. Mistari hiyo iseme kitu kinachoonyesha umesoma tangazo lake: "Jedwali lako lina tarehe za mtindo wa Marekani na wa Uingereza zikiwa pamoja, nitazipanga kwa mtindo mmoja na kukuorodheshea zile zenye utata." Weka mfano mmoja wa kazi, hata kama hakuna aliyekulipa kuifanya, kisha malizia kwa swali moja analoweza kujibu kwa neno.

Angalia pia unamwomba nani. Ombi la Upwork hulipiwa kwa Connects, yaani tokeni za kuombea kazi, dola 0.15 kila moja, na kazi moja hudai kadhaa. Usizitupe kwa mteja ambaye njia yake ya kulipa haijathibitishwa, wala kwa tangazo la siku nne lenye waombaji zaidi ya 50. Na anayekutaka ulipe ada ya usajili au ya mafunzo ndipo upewe kazi, huyo hana kazi.

Wateja wangu wote ni wa ng'ambo. KRA inanihusu? Kila Juni mhudumu wa saiba hunijazia marejesho ya sufuri. – Pipeline

Inakuhusu. Kazi unaifanyia Nairobi, hata kama mteja yuko Toronto. Kujaza sufuri huku una mapato ni kutoa taarifa ya uongo, na taarifa za benki na M-Pesa zinaweza kukuumbua. Marejesho ya mwaka uliopita hufungwa tarehe 30 Juni. Ukichelewa, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, lililo kubwa.

Andika mapato kabla ya makato, kisha uondoe gharama za kazi: makato ya mtandao, intaneti, na asilimia 25 ya thamani ya laptopu kwa mwaka. Weka risiti. Ukibaki na shilingi 50,000 kwa mwezi, ushuru ni asilimia 10 ya 24,000 za kwanza, 25 ya 8,333 zinazofuata, na 30 ya zilizobaki. Toa nafuu ya binafsi ya 2,400 na unabaki kudaiwa 7,383 kwa mwezi, karibu 88,600 kwa mwaka, kabla ya nafuu nyingine. Ushuru wa mwaka ukizidi 40,000 unatakiwa kuulipa kwa awamu nne: tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Fomu ya W-8BEN unayojazishwa na mitandao ya Marekani haikuondolei deni hili. Kazi yake ni kuonyesha kwamba wewe si Mmarekani, na penye nambari ya ushuru ya nchi yako unaandika PIN ya KRA.

Stima hupotea nikiwa napakia video za mteja. Nifanyeje? – Githurai

Kwanza piga hesabu. Faili ya gigabaiti 2, kwa kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde, huchukua karibu dakika 54, basi usiianze saa moja kabla ya muda uliomwahidi mteja. Pima kasi ya kupakia, si ya kupakua. Tumia huduma inayoendelea ilipoishia muunganisho ukikatika, kama Google Drive ya kwenye kompyuta. Kisha nunua betri ndogo ya ruta, ukisoma kwanza volti zilizoandikwa kwenye adapta, nyingi ni 12 lakini zipo za 9, na ukikosea utaichoma. Kama una faiba, tazama ukutani: mara nyingi kuna kisanduku cha pili kinachoingia ule waya mwembamba. Nacho kinahitaji betri, la sivyo ruta itawaka na intaneti haitakuwepo.