Maswali ya Wasomaji: Springi na shokapu za vani ya kambi ya 4x4

SWALI: Nina vani ya 4x4 ya miaka ya 1990. Mbele ina tosheni baa (fimbo ya chuma inayojipinda, ikifanya kazi ya springi), nyuma koili (springi ya waya uliozungushwa). Nimeifunga kitanda, kabati, jiko, betri ya pili na tangi la maji la lita 80. Nyuma imekaa, na kila shimo inagonga. Nimeshauriwa ninunue springi za kuinua sentimita 5. Je, ni sawa?

JIBU: Kabla ya kununua chochote, nenda kwenye mizani. Jaza vani kama inavyosafiri, yaani maji, mafuta, gesi, vyombo na watu wote ndani. Pima ekseli ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, kisha gari zima. Ukipata mizani ya gurudumu mojamoja ni afadhali zaidi, kwa sababu jiko, friji na tangi mara nyingi hufungwa upande mmoja na gari huinamia huko. Linganisha na kibati cha mtengenezaji: kina uzito wa juu wa gari na wa kila ekseli. Kama umeshauvuka, usinunue springi, punguza mzigo. Springi ngumu itainua bodi, lakini breki, beringi, rimu na ekseli ni zilezile, na uzito unaoruhusiwa hauongezeki hata kilo moja.

Tazama pia mzigo umekaa wapi. Tuseme ekseli zako zimeachana mita 2.5, na umening'iniza kilo 100 za tairi la akiba na madumu mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo haiongezewi kilo 100, inaongezewa 140, na ya mbele inapunguziwa 40. Ndiyo maana nyuma inakaa huku usukani ukiwa mwepesi kupita kiasi. Tangi la maji likihamishwa katikati ya ekseli mbili, huenda tatizo likaisha nusu bila kugusa springi.

Sasa hesabu ya springi. Tuseme ekseli ya nyuma imesoma kilo 1,250. Toa vitu ambavyo springi haivibebi, yaani matairi, rimu, ekseli na difu (gia za katikati ya ekseli). Kama huna namba kamili, kadiria kilo 150. Zinabaki 1,100, sawa na 550 kwa kila springi, ikiwa springi imekaa juu ya ekseli yenyewe. Ikiwa imekaa kwenye mkono (chuma kinachounganisha ekseli au gurudumu na chasisi), mbele ya ekseli, inabeba zaidi ya hapo. Namba hiyo ndiyo ya kumpa muuzaji. Akikuuliza tu “unataka kuinua sentimita ngapi?” bila kuuliza uzito, tafuta mwingine.

Kuna springi nyingi zinazoambiwa zimechoka ilhali zimebebeshwa tu. Springi yenye ugumu wa kilo 3 kwa milimita, ukiiongezea kilo 120, inashuka milimita 40. Ukitaka kurudisha hizo 40, njia ni mbili: springi ndefu zaidi yenye ugumu uleule, au springi ngumu zaidi. Kwa mzigo usioshuka garini mwaka mzima, kama kabati na kitanda, tunapendelea mchanganyiko: ugumu uongezeke kiasi, urefu umalizie. Chunga neno “kiasi”. Ugumu hukua kwa kipeo cha nne cha unene wa waya, kwa hiyo koili ya waya wa milimita 15 ni ngumu kwa takriban asilimia 32 kuliko ya milimita 14 yenye mizunguko na upana uleule. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, lakini mgongo wako utazitofautisha.

Mbele ni habari nyingine. Kukaza bolti ya tosheni baa kunainua gari, hakuifanyi baa kuwa ngumu. Unachofanya ni kuhamisha mahali mkono unapoanzia safari yake: unapata nafasi ya kupanda, unapoteza nafasi ya kushuka. Kabla ya kukaza, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu ya gurudumu, gari likiwa chini. Kisha piga jeki kwenye chasisi hadi gurudumu lining'inie, upime tena. Tofauti ikiwa milimita 70, ukainua 40, umebakiza 30. Hapo kila shimo mkono utagonga mpira wa kizuizi cha kushuka na utasikia “ko!” chini ya miguu. Sisi huishia milimita 25 hadi 30 mbele na kuhakikisha kushuka hakupungui chini ya 50. Zaidi ya hapo pembe za jointi za drafshafti (shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele) huwa kali, buti za mpira hupasuka, grisi inatoka na vumbi linaingia. Ukitaka ugumu wa kweli mbele, nunua baa nene: milimita 26 badala ya 24 ni karibu asilimia 38 zaidi. Baada ya hapo alaimenti (kunyoosha pembe za magurudumu) ni lazima, siku hiyohiyo.

Hizo sentimita 5 za nyuma, basi, ni nyingi kwa vani ndefu yenye kabati juu na mzigo juu ya paa. Kitovu cha uzito kinapanda juu, na kwenye kona gari linalala zaidi. Tena kuinua springi hakuinui difu ya ekseli nzima kutoka ardhini. Linaloiinua ni tairi kubwa tu, na hata hilo hutoa nusu ya kipenyo kilichoongezeka.

Jambo moja husahaulika na ni la hatari. Vani nyingi za zamani zina valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Inasoma urefu wa bodi ili kujua mzigo. Ukiinua nyuma, valvu inadhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma. Fimbo irekebishwe kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kagua na mipira ya breki isivutike ekseli ikining'inia.

SWALI: Niliweka koili ngumu, lakini shokapu ni zilezile za zamani. Sasa gari linadunda mara tatu baada ya kila tuta. Nibadilishe kwa za gesi?

JIBU: Badilisha, lakini gesi siyo jibu lenyewe. Springi ngumu inarudi kwa nguvu zaidi, na shokapu ya kiwandani haina uwezo wa kuizuia inaporudi. Unachohitaji ni shokapu iliyopangwa kwa ugumu wa springi zako, hasa upande wa kurudi. Gesi kazi yake ni kuzuia mafuta yasifanye povu. Kwenye makunyanzi marefu ya barabara ya vumbi shokapu huchemka, mafuta ya shokapu ya kawaida yanachanganyika na hewa, na baada ya muda unaendesha kama huna shokapu kabisa. Ya bomba moja yenye gesi hupoa haraka, ila bomba lake likipigwa jiwe na kubonyea, pistoni inakwama. Kwa gari linalopita mawe, bomba mbili nene zenye gesi ni uamuzi wa busara.

Urefu ndio unaovunja vyuma. Pandisha ekseli hadi iguse mpira wa kizuizi cha juu na uubonyeze. Shokapu ibaki na milimita 10 hadi 15 kabla ya kufika mwisho wake. Kisha ining'inize: kama shokapu ndiyo inayoizuia ekseli, ni fupi, na siku moja itang'oa sikio lake kwenye chasisi.

SWALI: Mifuko ya hewa inafaa?

JIBU: Kwa mzigo unaobadilika, ndiyo. Kwa mzigo wa kudumu, hapana. Hapo inaficha springi isiyotosha. Ile inayoingia ndani ya koili ni salama zaidi, kwa sababu nguvu inapita palepale pa springi. Inayowekwa kati ya ekseli na chasisi kwenye gari la springi bapa (vipande vya chuma vilivyolaliana) inasukuma sehemu moja ya chasisi ambayo haikutengenezwa kwa hilo, na mzigo mrefu wa nyuma unaweza kuikunja au kuipasua. Kila mfuko uwe na mpira wake wa hewa. Ukiunganisha kushoto na kulia, kwenye kona hewa inakimbilia upande wa juu na gari linalala zaidi. Usiuache mtupu kamwe, hata gari likiwa halina mzigo. Weka angalau psi 5 ili usijikunje na kujikata.

SWALI: Yangu nyuma ni springi bapa. Fundi anataka kuongeza bapa moja kila upande.

JIBU: Ni njia ya bei nafuu na hufanya kazi, ikiwa zilizopo bado zina mpinde. Bapa zilizonyooka ukiziongezea moja, ile mpya inabeba peke yake na kukatika. Funga pamoja na yubolti mpya (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli), na ndefu zaidi kulingana na unene ulioongezeka. Za zamani zimeshavutika na hazirudishwi. Usikubali kuinua kwa kurefusha pingili ya springi tu, yaani kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chasisi. Pingili ikirefuka milimita 50, gari linapanda kama 25, lakini ekseli inainama na propela shafti (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) inaanza kutetemeka.

SWALI: Bushi mpya (raba za maungio) za mikono ya gari zimepasuka ndani ya miezi michache. Ni feki?

JIBU: Huenda, lakini uliza kwanza zilikazwa vipi. Bushi ya raba imegandishwa kwenye chuma cha ndani na nje, haizunguki, inajipinda. Ikikazwa gari likiwa juu ya jeki, raba inabaki imejipinda kila gari linapokanyaga chini, na inachanika mapema. Bolti zifungwe kwa mkono tu, gari lishushwe na mzigo wake wa kawaida, lisukumwe mbele na nyuma, ndipo zikazwe. Bushi za poliyurethani hazina sharti hilo, ila bila grisi yake maalumu zitalia. Baada ya kilomita 500 rudisha spana kwenye bolti zote, yubolti zikiwa za kwanza.