Dada wa saluni ya Mabatini, usibandike wolpepa kwenye ukuta huo

Simamisha kazi, na huyo fundi usimpe hata advansi. Umeandika kwamba ukuta wa nyuma wa saluni umeegemea kilima, chini unatoa chumvi, na fundi amekuhakikishia wolpepa ya plastiki itazuia unyevu. Haizuii. Inaufungia ndani.

Mimi nilikuwa na duka la nguo Igogo, ukuta wa nyuma umechimbiwa kilimani vilevile. Fundi alipitisha kiganja ukutani akasema pakavu, tupige kazi. Ulikuwa Julai! Mwezi huo ukuta gani wa Mwanza utaukuta umelowa? Mvua za vuli zilipoanza, maji yakateremka kwenye mawe, yakazama kwenye udongo nyuma ya nyumba, ukuta ukayanyonya kama utambi. Kwanza yakatokea mapovu karibu na sakafu, halafu maungio yakaanza kufunuka. Nilivuta kipande kimoja kikaja na lipu. Nyuma yake gundi imekuwa ute, ukungu mweusi umepanda mpaka usawa wa kiuno, na magauni yaliyotundikwa hapo yameshika harufu isiyotoka hata kwa kufua. Hela ya roli za wolpepa, gundi, ufundi, kupiga lipu upya, na mzigo wa nguo juu yake. Ukimpigia fundi, gundi ilikuwa mbovu. Ukimfuata muuzaji, fundi ndiye mbovu. Mpaka leo inaniuma, maana wote ni wenyeji wa milima hii na wanajua maji yake yanapita wapi.

Kwa hiyo nailoni kwanza. Chukua nailoni angavu, nusu mita kwa nusu mita, ibandike chini karibu na sakafu, uzibe pande zote nne kwa selotepu, uiache siku 2. Matone yakitokea upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa saluni tu. Pima wakati wa mvua, Julai itakudanganya.

Ukikuta maji, mwambie mwenye nyumba aondoe udongo ulioegemea ukuta, achimbe mfereji, atengeneze na gata. Lipu mpya nayo iachwe angalau siku 28. Akikataa, ukuta huo upake rangi ya maji, wolpepa upeleke kwenye ukuta wa katikati usiogusa kilima.

Roli za kawaida zina upana wa sm 53 na urefu wa mita 10, yaani kama mita za mraba 5.3, na maua makubwa yanakula zaidi kwa sababu ya kuyalinganisha. Nunua zote kwa pamoja, zenye namba ya toleo inayofanana, la sivyo rangi zitapishana.

Nailoni ibandike leo, mvua ikinyesha piga picha uilete hapa kabla hujanunua roli hata moja.