Chakula Kigeni Nchini Japani: Kionje kwa Namna Wenyewe Wanavyokila

Wengi wanaojiandaa kwenda Japani kwa mara ya kwanza huniuliza kuhusu samaki mbichi. Kwa mtu aliyekulia pwani, kipande cha jodari mbichi kilichochovywa kwenye mchuzi wa soya hakina ugumu wowote, kwa kuwa ni laini na hakina shombo. Vinavyomshinda mgeni ni vingine: vyakula vyenye utelezi, vyenye harufu ya kuchachuka, na vile vinavyoliwa baridi pale ambapo ulimi ulitarajia kitu cha moto. Kwa niliyoyaona nilipokuwa nikila huko, chakula cha namna hiyo hakifai kuhukumiwa kabla hakijaliwa kama wenyewe wanavyokila, pamoja na kitoweleo chake na kwa wakati wake.

Anza na dashi. Hii ni supu nyepesi ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa mwani mnene uitwao kombu pamoja na katsuobushi, yaani samaki wa jamii ya jodari anayechemshwa, kisha akakaushwa kwa moshi mpaka akawa mgumu kiasi cha kuparuzwa kwa randa. Mwaka 1908, mwanakemia Ikeda Kikunae wa Tokyo alibaini kwamba utamu wa pekee wa mwani huo unatokana na glutamati, akaupa jina la umami. Ladha hiyo imo ndani ya supu ya miso, yaani rojo la soya iliyochachushwa, mchuzi wa tambi nene ziitwazo udon, mayai ya kukunja, na hata mboga zilizotokoswa ambazo mgeni angedhani hazina samaki. Ndiyo maana nashauri supu ya miso inywewe kila asubuhi tangu siku za mwanzo. Ulimi ukishaizoea dashi, vyakula vingi vilivyokuwa vigeni huacha kutisha.

Natto inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiyo inayokataliwa na wageni wengi na ndiyo ninayoipenda kuliko vyote. Ni maharage ya soya yaliyopikwa na kuchachushwa kwa bakteria, huuzwa katika vikasha vidogo, na ndani ya kila kikasha mara nyingi mna vipakiti viwili: kimoja cha mchuzi, kingine cha haradali. Anayeichota tupu na kuitia mdomoni ataitema, na sitamlaumu. Bandua karatasi ya juu, ukoroge kwa vijiti kwa nguvu mpaka utando mweupe uumuke na kuvutika kama mlenda, ndipo utie mchuzi na haradali, kisha umimine yote juu ya wali wa moto. Inua bakuli hadi karibu na mdomo, jambo ambalo huko ni adabu nzuri, na ukimaliza kila tonge zungusha ncha za vijiti ili nyuzi zikatike. Joto la wali hukoleza harufu, lakini chumvi ya mchuzi na ukali wa haradali huituliza, na kinachobaki ni ladha nzito ya maharage. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, aiache kabisa, kwa kuwa natto ina vitamini K nyingi inayopunguza nguvu ya dawa hiyo.

Kwa majaribio mengine, nenda mahali ambapo chakula kinaonekana kabla ya kununuliwa. Migahawa mingi huweka dirishani sanamu za plastiki za vyakula vyake, na maduka makubwa ya mijini huwa na ghorofa ya chini ya ardhi iliyojaa vyakula vinavyouzwa kwa vipimo vidogo. Soko la Nishiki mjini Kyoto nalo linafaa sana kwa kuonja mboga zilizosindikwa kwa chumvi na pumba za mpunga. Ukinunua kitu sokoni, simama palepale dukani ukile, kwa sababu kula huku unatembea hakupendezi. Soba, tambi za unga mweusi kiasi wa nafaka iitwayo buckwheat kwa Kiingereza, zikiliwa baridi ni nzuri mno wakati wa joto, ila mwenye mzio aulize kwanza, kwani mzio wa nafaka hiyo unaweza kuwa mkali.

Kwa Waislamu wenzangu, nguruwe si jambo pekee la kuangalia. Supu ya rameni, tambi za ngano zinazoliwa ndani ya mchuzi, mara nyingi hutokana na mifupa ya nguruwe hata pale ambapo nyama iliyo juu ni kuku, na mirin, kiungo kitamu kinachotiwa katika michuzi mingi, ina pombe. Hata baadhi ya michuzi ya soya huongezwa pombe ili isiharibike. Kumuuliza mhudumu kama kuna nguruwe hakutoshi, maana atajibu kuhusu nyama inayoonekana. Beba kadi iliyoandikwa kwa Kijapani inayotaja nyama ya nguruwe, mafuta yake, mchuzi wa mifupa yake, sake (pombe ya mchele) na mirin, kila kimoja kwa jina lake, na uitoe kabla ya kuketi ili mpishi apate nafasi ya kukataa bila kuona haya. Tokyo Camii, msikiti mkubwa ulioko Yoyogi-Uehara, una duka la bidhaa halali. Ukipita huko mapema katika safari, utapata vitoweleo vya kukuwezesha kujipikia wali, samaki na mboga za Kijapani bila wasiwasi.