Vipya vilivyosifiwa: anza na hadithi fupi

Mkuu, umeuliza vitabu vipya vya aina tofauti vilivyosifiwa na wahakiki, ila visiwe vinene. Mimi ningeanza na Heart Lamp ya Banu Mushtaq, hadithi 12 zilizotafsiriwa na Deepa Bhasthi kutoka Kikannada cha kusini mwa India. Kilishinda International Booker ya 2025, tuzo ya vitabu vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza. Humo kuna wake, mama wakwe, talaka, waume wanaojificha nyuma ya dini, na utani mkali unaokuchoma huku unacheka. Ukikulia Tanga au Mombasa, hawa watu utawatambua mara moja.

Kuna pia James ya Percival Everett, iliyopata tuzo ya Marekani ya Pulitzer 2025. Ni kisa cha Huckleberry Finn, riwaya ya zamani ya Mmarekani Mark Twain, safari hii kikisimuliwa na Jim, yule mtumwa. Watumwa wakiwa peke yao wanaongea Kiingereza kilichonyooka, akitokea Mzungu wanakivunja makusudi. Si lazima uwe umemsoma Twain.

Orbital ya Samantha Harvey (tuzo ya Booker 2024) ni kifupi kweli: wanaanga sita wanaizunguka dunia mara 16 ndani ya siku moja. Lugha tamu, matukio karibu hakuna. Ukitaka vituko, kiruke.

Kwa habari za kweli, chukua The Story of a Heart ya Rachel Clarke, kuhusu moyo wa mtoto aliyefariki baada ya ajali Uingereza, moyo uliopandikizwa kwa mtoto mwingine. Usikisome ndani ya daladala, utalia mbele za watu.

Theft, riwaya ya Abdulrazak Gurnah (2025), nadhani unayo tayari?